Msahaulifu wa Nyumba Nzima

Karani aliinua suruali juu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya mfu, akaizungusha taratibu ili kila aliyekaa sebuleni aione vizuri.

"Tazameni wenyewe," alisema, "msije mkasema nimemsingizia mama yangu. Mguu huu unang'aa. Na huu?"

Akajijibu mwenyewe, maana alikuwa mtu anayeipenda sana sauti yake. "Huu umegeuzwa! Upande wa ndani uko nje! Na Bosi ameivaa hii kazini. Ameingia nayo kwenye kikao. Watu wanaangalia miguu yake, yeye anadhani wanaangalia viatu vipya."

Mkewe alicheka, kisha akakumbuka kwamba jambo lenyewe lilikuwa la huzuni, akajifunika mdomo. Kitinda, binti wa mwisho wa nyumba ile, alitazama kucha zake. Mama yao alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono mapajani. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa ameshona kwa miaka thelathini na mmoja katika chumba cha mbele cha nyumba ile, chumba alichojengewa na marehemu mumewe, chenye mlango wa kutokea barabarani.

Kosa lilikuwa lake na alilijua. Fundi yeyote hukunja kitambaa mara mbili kabla ya kukata, ili mkasi ukipita mara moja upate miguu miwili inayotazamana, wa kushoto na wa kulia. Siku ile hakukunja. Alikata mguu mmoja, akakaa akitazama chaki mkononi bila kujua anaitakia nini, kisha akakata mwingine ulio sawasawa na wa kwanza. Ili suruali ifungane, ilibidi mguu mmoja ugeuzwe, naye akaugeuza na kuushona, huku kichwa chake kikiwa kizito kama gunia lililolowa.

"Nitamkatia nyingine," alisema.

"Nyingine!" Karani aliitupa suruali kwenye meza. "Nilimwambia Bosi mama yangu ndiye fundi bora mji huu. Nilimpa kama zawadi. Sasa kila nikiingia ofisini kwake ananitazama miguu. Mama, umechoka. Kubali umechoka. Hata huo ugonjwa wako wa sukari nao umechoka."

Alikuwa na mpango tayari, maana watu wa aina yake huwa hawakasiriki bila mpango. Fundi simu mmoja, rafiki yake, alikuwa akitafuta chumba cha kufanyia kazi. Mkataba wake kule alikopanga ulibakiza miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo ikiisha, Shangazi, dada wa marehemu baba yao, angekuwa amerudi kutoka kwa binti yake aliyejifungua. Familia ingekaa, Mama angekabidhi ufunguo wa chumba, na kuanzia hapo angepumzika.

"Nipumzike nikifanya nini?" Fundi aliuliza.

"Upumzike tu, Mama. Kupumzika kunataka kazi gani tena?"

Siku ile nyumba ilipata msahaulifu wake. Ni raha kubwa kuwa na msahaulifu nyumbani. Yeyote aliyewahi kuishi na mmoja anajua. Kitu kikipotea, kimepotezwa na yeye. Kitu kikiungua, kimeunguzwa na yeye. Wengine wote hupata akili nzuri ghafla, bila kusoma wala kunywa dawa.

Ufunguo wa lango ulipopotea, Karani hakujisumbua kupekua mifuko yake. "Mama huyu ameuweka wapi?" Sufuria ilipoungua mpaka mboga zikawa mkaa, mkewe alifungua madirisha yote ili majirani wanuse, akasema kwa sauti ya huruma, "Ni mama mkwe. Tutafanyaje? Ndiyo umri." Simu yake ilikuwa bado ya moto mkononi kwa maongezi ya saa nzima. Gauni jeupe la mteja lilipopatikana na alama ya pasi mgongoni, kahawia, yenye ncha kama jani, Kitinda alisimama mbele ya lile gauni kwa muda mrefu. Mteja akauliza nani aliyefanya vile. Kitinda akatazama chini na kusema, "Mama siku hizi anasahau sahau." Sauti yake ilikuwa ndogo sana, lakini mteja aliisikia vizuri, na kufika jioni mtaa wote ulikuwa umeisikia.

Karani aliyaandika yote. Alikuwa na daftari la jalada jeusi alilolitoa ofisini, lenye mhuri wa ofisi kwenye ukurasa wa kwanza, na ndani yake akapiga mistari kwa rula: tarehe, kosa, shahidi. Hakuwahi kuandika kitu kwa bidii namna ile. Faili za watu wenye shida zilikaa kwenye meza yake miezi sita bila kufunguliwa, lakini daftari la mama yake halikukosa siku.

Na Fundi alikubali. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Ukiambiwa kila siku kwamba umesahau, unafika mahali unajitafuta mwenyewe kwenye makosa na kujikuta. Alianza kuomba radhi kabla hajaambiwa. Akiingia jikoni na kukuta maji yamemwagika anasema, "Nisameheni," hata kama ndiyo kwanza anaingia. Aliacha kuimba akishona. Aliacha pia kula na wengine, kwa sababu mkwe alikuwa na desturi ya kumuuliza mbele ya watu, "Mama, umeshakula au bado? Unakumbuka?" na mumewe akacheka mpaka akapaliwa.

*

Sista wa zahanati alikuwa msichana mwenye macho makali na miguu inayouma, asiye na muda wa kubembeleza mtu. Alimtoboa Fundi kidole, akatazama kipimo, akakunja uso.

"Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Kila siku?"

Fundi alitazama kidole chake kilichotobolewa. "Siku nyingine nadhani nimeshakunywa, kumbe bado. Siku nyingine nadhani bado, kumbe nilishakunywa."

"Kwa hiyo leo hunywi, kesho unakunywa mara mbili. Na chakula?"

"Nakula wakishamaliza."

"Wakishamaliza saa ngapi?"

"Inategemea."

Sista aliweka kalamu chini. "Mama, ukiniambia hivyo halafu uniambie kichwa kizito, nishangae nini? Haya. Nitakutajia maneno matano. Uyashike, nitakuuliza baadaye. Kijiko, mlango, mvua, kuku, kengele." Akampa karatasi. "Sasa nichoree saa. Weka namba zote, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi."

Fundi, ambaye aliweza kukata duara la kola bila kupima, alichora saa ambayo namba zake zote zilijazana upande mmoja kama watu waliokimbilia kivuli. Mishale hakuiweka. Alipoulizwa yale maneno, alikumbuka kijiko na kuku. Alisubiri mengine yaje. Hayakuja, machozi yakaja badala yake.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Nimekuwa zuzu."

"Nani amesema zuzu?"

"Mwanangu."

"Ni daktari?"

"Ni karani."

"Basi aandike barua." Sista alisogeza kiti. "Nisikilize. Sukari ikipanda na kushuka ovyo, kichwa hakitulii. Usingizi mbaya unaongeza. Huzuni ndiyo mbaya zaidi, mtu mwenye huzuni hashiki kitu. Sikuahidi kwamba kila kitu kitarudi, mimi si mganga. Lakini wewe hata hatujaanza kukutibu. Dawa nitakupangia kwenye kiboksi chenye siku za wiki. Kikiwa kitupu umekunywa, kikijaa hujanywa, usimuulize mtu. Kula kwa saa. Halafu Jumanne na Ijumaa asubuhi njoo hapo uani na viatu visivyobana."

"Kufanya nini?"

"Kucheza muziki."

Fundi alimtazama aone kama anadhihakiwa. Siku zile alitazama hivyo kila mtu.

*

Uani palikuwa na watu kumi na wanne, wote wa sukari, na spika moja kubwa iliyopasuka pembeni. Aliyewaongoza alikuwa Sajini, mzee mstaafu wa jeshi aliyekatwa vidole viwili vya mguu na kuvitaja kama watu waliohama mji. Muziki ulikuwa wa dansi la zamani, wa gitaa na tarumbeta, ule ambao watu wa rika la Fundi walioana nao.

"Kushoto! Kulia! Piga hatua, usivute mguu kama unaburuta mkaa!" Sajini alipiga kelele. "Hatua ya tatu, kofi! Kila ukipiga kofi, taja kitu cha kazi yako, na usirudie cha mwenzako. Ukirudia, unaanza upya. Mwenye duka!"

"Mizani!"

"Mwalimu!"

"Chaki!"

"Wewe mpya, kazi yako?"

"Fundi cherehani," alisema Fundi, tayari akihema.

"Taja!"

Kofi likapita, hatua ikapita, mdomo wake ukabaki wazi. Chaki ilikuwa imeshachukuliwa na mwalimu. Kitu pekee kilichokuwa kichwani mwake ni chaki.

"Basi piga hatua tu," alisema Sajini, bila kucheka. "Kitakuja. Kichwa ni kama kuruta, ukikipigia kelele sana kinajificha kwenye choo."

Watu walicheka, na Fundi akashangaa kwamba kicheko kile hakikumchoma. Wiki ya pili alitaja mkasi. Wiki ya nne alitaja sindano, uzi, pindo, zipu na kifungo, mfululizo, mpaka mwenye duka akalalamika kwamba amemaliza vya watu. Alianza kulala usiku bila kuamka. Asubuhi moja, akikanyaga cherehani, alijisikia anaimba, akanyamaza haraka na kugeuka kuona kama kuna aliyemsikia. Hakukuwa na mtu. Akaendelea.

Hakupona. Palikuwa na asubuhi alizoamka na lile gunia kichwani. Siku hizo hakugusa mkasi. Alishona mishono iliyonyooka tu, au alifumua nguo kuukuu, akaacha kukata kwa ajili ya siku nzuri. Ilikuwa busara ya kawaida, ya mtu anayeijua kazi yake. Mwanawe, mwenye elimu, hakuwahi kufikiria kitu kama hicho.

Nyumbani, habari zilifika kupitia mkwe, ambaye habari zote zilimpitia yeye kwanza zikalowa mate.

"Nimemuona kwa macho yangu," alimwambia mumewe. "Mama anacheza uwanjani! Anarusha mikono, anapiga makofi, anataja vitu peke yake. 'Kifungo! Kifungo!' Nilijificha nyuma ya gari, jamani, ningeweka wapi uso?"

Karani alichukua daftari. "Kifungo," aliandika. "Siku gani?"

"Ijumaa."

"Mama," alimwita siku ile ile, mkewe akiwa amesimama nyuma yake kama shahidi wa mahakamani. "Ni kweli unacheza dansi pale zahanati?"

"Ni mazoezi, mwanangu. Sista kaniandikia."

"Mazoezi ni kukimbia. Mazoezi ni kunyanyua vyuma. Mjane wa miaka hamsini na tisa kutikisa kiuno mbele ya wagonjwa, hayo ni mazoezi gani? Unajua kazini watu wananijua?"

"Kwa hiyo nife kimya kimya ili kazini wakuheshimu?"

Karani alifungua daftari. Mama yake hakuwa amejibu hivyo tangu mwaka uanze. Akaandika hilo pia, chini ya safu ya makosa: *anajibu hovyo*.

*

Bosi alikuja mwenyewe dukani siku moja mchana, kwa sababu alitaka suruali yake na hakuamini tena kutumiwa. Alikuwa mtu mkubwa mwenye desturi ya kukohoa kabla ya kuongea ili watu wanyamaze.

"Safari hii," alisema, "nitasimama hapa hapa nikiona unakata."

"Ni haki yako," Fundi alisema. "Lile lilikuwa kosa langu, baba, na naomba radhi. Simama wima."

Alizungusha futi kiunoni mwake, akaitazama, akaizungusha tena. Kisha akavuta mkanda wa Bosi kidogo kwa kidole. Palikuwa na matundu mawili mapya yaliyotobolewa kwa msumari.

"Mwezi ule nilikupima inchi arobaini na mbili," alisema. "Leo una thelathini na tisa."

"Nafanya kazi sana."

"Unakunywa maji mengi?"

Bosi alikohoa, lakini safari hii hapakuwa na mtu wa kumnyamazisha. Chupa ya maji ilikuwa mkononi mwake, na alikuwa ameshaomba choo tangu aingie.

"Unaamka usiku mara ngapi?"

"Fundi, nimekuja kupimwa suruali."

"Ndiyo nakupima. Mwili wa mtu haupungui inchi tatu kwa kazi ya kukaa. Mimi nimeshona watu miaka thelathini, najua anayepungua kwa shida, anayepungua kwa mapenzi na anayepungua kwa sukari. Nenda pale zahanati kachomwe kidole. Kama si hivyo, njoo unitukane, suruali nitakushonea bure."

Bosi alikasirika. Alisema kwamba hakuja pale kuambiwa afya yake na mtu anayegeuza miguu ya suruali. Alisema mengi mengine. Halafu akaenda zahanati, akiwa amevaa miwani ya jua siku ya mawingu, na alipoulizwa jina akataja la shemeji yake.

*

Ijumaa ya wiki ya kumi, Karani aliomba ruhusa ya saa moja kazini. Bosi hakuwepo, kwa hiyo akajipa ruhusa mwenyewe. Alikuwa ameamua kumtoa mama yake pale uani kwa mkono, mbele ya watu, ili kabla ya kikao cha familia pawe na mashahidi wengi iwezekanavyo. Mkewe alikuja naye. Alikuwa amevaa vizuri.

Muziki ulikuwa umeshapamba moto. Karani alipita lango, akawapita wazee waliokaa kwenye benchi, akafika hadi mstari wa mbele na kumshika mama yake kiwiko.

"Inatosha. Twende nyumbani."

"Niache, namaliza."

"Mama, unajidhalilisha! Unatudhalilisha! Watu wazima na akili zao wanaruka ruka kama vichaa—"

"Nani vichaa?"

Sauti ilitoka mstari wa nyuma, na ilitanguliwa na kikohozi. Karani alikijua kikohozi kile. Aligeuka. Nyuma ya mwenye duka, akiwa na kofia iliyovutwa hadi kwenye nyusi, suruali ya michezo na jasho linalotiririka, alisimama Bosi.

"Nimeuliza, nani vichaa?"

Yaliyofuata yalitazamwa na watu kumi na tano na mke mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeweza baadaye kusimulia bila kutema mate pembeni. Mkono wa Karani uliachia kiwiko cha mama yake na kuanza kukipapasa, kana kwamba alikuwa akimpangusa vumbi. Uso wake ulitafuta sura kadhaa ukakosa, ukaishia kwenye tabasamu.

"Nilikuwa namwambia Mama asijichoshe, mkuu! Mazoezi haya ni muhimu sana. Mimi ndiye nimekuwa nikimhimiza siku zote. Sivyo, Mama?"

Fundi aliendelea kupiga hatua.

"Kumbe," alisema Bosi. "Basi jiunge."

Karani alivua viatu vyake vya kazini, akavipanga pembeni kwa adabu, akaingia kwenye mstari kwa soksi. Alipiga kofi hatua ya pili badala ya tatu. Sajini alimuuliza kazi yake, akasema karani. Akaambiwa ataje kitu cha kazi yake. Mtu huyu, aliyekaa ofisini miaka kumi na saba, alihema na kutazama mbingu, na hatimaye akataja, "Bosi!"

"Huyo si wa kwako peke yako," alisema Sajini. "Anza upya."

Mkewe alikuwa ameshaondoka.

*

Kikao kilikaa Jumapili. Shangazi alikuja mapema, mwanamke mrefu mwenye fimbo ambayo hakuihitaji, akakaa kiti cha katikati. Karani alikuwa ameleta soda za kila mtu, na maji kwa mama yake, na alikuwa na uchangamfu wa mtu anayetaka jambo lipite haraka kabla halijaangaliwa.

"Shangazi, kwa kweli hatuna neno kubwa," alianza. "Tulikuwa na wasiwasi kidogo juu ya Mama, lakini tumeona maendeleo. Mazoezi yamesaidia. Chumba abaki nacho. Fundi simu nimeshamwambia. Tunywe soda, yaishe."

"Yaishe nini?" Shangazi aliuliza. "Nimepanda gari saa tisa usiku kuja kunywa soda? Kwenye simu uliniambia wifi yangu amerukwa na akili. Uliniambia unayo yote kwenye maandishi."

"Ah, yale..."

"Lete daftari," alisema Fundi.

Ilikuwa mara ya kwanza anaongea tangu wakae. Karani alicheka. "Mama, tumeshasamehe."

"Hamjaombwa. Lete daftari, usome mbele ya wifi."

Shangazi aligonga sakafu kwa fimbo mara moja. Daftari likaletwa. Karani alisoma kwa sauti isiyokuwa yake, ndogo na ya haraka.

"Tarehe tano. Amepoteza ufunguo wa lango."

"Ulikuwa mfukoni mwako," alisema Fundi. "Uliutoa Jumatatu ukauweka chini ya kapeti, halafu ukauokota mbele yetu. Nilikuona. Nilidhani macho yangu nayo yameharibika. Endelea."

"Tarehe kumi na moja. Ameunguza sufuria."

"Siku hiyo nilikuwa dukani na mteja tangu saa nne. Mkwe, ulikuwa unaongea na dada yako habari za harusi. Ulipofika kwenye kitambaa cha sare ndipo moshi ukatoka. Hata rangi mliyokubaliana nakumbuka."

Mkwe alimtazama mumewe ili atetewe. Mumewe alikuwa akitazama daftari.

"Mama, kwani lazima tufukue..."

"Wewe ndiye uliyeandika. Mimi nasikiliza tu."

Aliendelea. Bili iliyochelewa ilikuwa ya Karani. Mlango ulioachwa wazi ulikuwa wa mkewe. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alimrudishia kila mtu kosa lake kama anavyorudisha nguo ya mteja, imekunjwa, na jina juu yake. Wawili wale walizidi kuwa wadogo kwenye viti vyao, si kwa aibu, maana aibu ni ya watu wenye kitu ndani, bali kwa hofu ya kile Shangazi angekwenda kusimulia ukoo mzima.

"Tarehe ishirini," alisoma Karani. "Ameunguza gauni jeupe la mteja kwa pasi."

Hapo Fundi alinyamaza. Alitazama dirisha, mikono yake imetulia mapajani.

"Ni mimi," alisema Kitinda.

Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa ameanza kulia. "Niliiacha pasi juu ya gauni. Mama hakuwepo. Niliona kila mtu anasema ni yeye, nikaona... nikaona halitamuumiza zaidi."

"Liliniumiza kuliko yote," alisema mama yake. Hakumtazama. "Lakini wewe umelichukua mwenyewe. Kaa."

Karani aliona upenyo, na mtu kama yeye haachi upenyo upite. Aligeuza kurasa hadi ya kwanza kabisa, sauti yake ikarudi unene wake. "Na suruali? Tusifanye kama Mama hajawahi kukosea. Suruali ya Bosi nani alikata? Mimi?"

"Suruali ni yangu," alisema Fundi. "Nilikata bila kukunja kitambaa. Sikuchanganywa na mtu, sikuharakishwa na mtu. Kichwa kilinitoka. Iache hapo hapo, na jina langu liandike vizuri."

Alisimama, akamnyang'anya mwanawe daftari bila nguvu yoyote, kwa sababu lilikuwa limeshikwa na mikono legevu, akampa Shangazi.

"Na nitasahau tena, wifi, nisikudanganye. Ugonjwa upo, haujaenda popote. Kuna asubuhi naamka sijui chaki ni ya nini. Nikisahau, nitasema mwenyewe kwamba nimesahau. Lakini cha mtu mwingine sibebi tena, hata kiwe chepesi namna gani."

"Chumba je?" Shangazi aliuliza.

"Chumba changu. Hakikuwa cha kuachiwa na huyu." Alimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Amesema nibaki nacho kwa sababu amemuona bosi wake akipiga makofi. Kesho bosi akiacha, atakuja kunitoa tena. Kwa hiyo sikipokei kutoka kwake. Nakaa nacho kama nilivyokuwa nikikaa."

Karani alisema kwamba mama yake hana shukrani. Alisema kwamba duniani watoto wanaojali wazazi hawathaminiwi. Alisema kwamba yeye kama mtoto wa kwanza alikuwa na jukumu. Hakuna aliyemkatiza, na hakuna aliyemsikiliza; Shangazi alikuwa amevaa miwani na kuanza kulisoma daftari upya kutoka ukurasa wa kwanza, kwa makini, akisogeza midomo, na kila alipofika kwenye kosa alinyoosha mkono pembeni bila kuinua macho.

"Kitinda, nipe kalamu. Huu ufunguo tumesema ni wa nani?"

"Wa kaka, Shangazi."

"Basi andika hapa. Andika majina yao yote kamili. Ukoo utataka kuona."